Uzoefu wangu na diwani ya washairi wa Kihispania

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya Miguel Hernández, mshairi wa Hispania, nitaeleza.

Ni diwani nene ya lugha mbili, Kihispania ukurasa wa kushoto, Kiingereza wa kulia. Inaanza na Jorge Manrique akimlilia babake aliyefariki mwaka 1476, inaishia kwa Octavio Paz wa Mexico, aliyepata Nobel mwaka 1990. Bei yake si ya kitoto, ila karatasi ni nzuri na jalada ni gumu.

Kihispania changu ni cha kubahatisha. Hata hivyo, aliyezoea tenzi hatakuwa mgeni upande wa kushoto, maana mashairi yao mengi yanakwenda kwa mizani nane. Chukua lile la Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa wa Mexico aliyefariki mwaka 1695, anapowasuta wanaume wanaowalaumu wanawake kwa yale yale waliyowashawishi wayafanye. Linaanza: "Hombres necios que acusáis". Hesabu, utapata saba, kwa kuwa "que" na irabu inayofuata humezana. Ya nane huongezwa kwa sababu mstari umeishia kwenye silabi yenye mkazo. Kisha mshororo wa kwanza unalingana kina na wa nne, wa pili na wa tatu. Ukivuka kwenda kulia, hayo yote hayapo. Mfasiri kaandika nathari iliyokatwakatwa. Bahati nzuri utangulizi unazieleza kanuni hizi vizuri sana, msiuruke.

Góngora na Quevedo, washairi wa Hispania wa karne ya 17, wamewekwa kurasa za jirani, na aliyepanga hivyo alijua anachofanya. Wawili hawa walirushiana mashairi ya kejeli bila huruma, na soneti (shairi la mistari 14) ya Quevedo kuhusu mtu aliyegandishwa kwenye pua yake huaminika ilimlenga mwenzake. Nilicheka peke yangu.

Sasa lawama. Neruda wa Chile kapewa kurasa chungu nzima, Hernández shairi moja! Ni lile la kitunguu, alilomtungia mwanawe mchanga akiwa gerezani, baada ya mkewe kumwandikia kwamba anakula mkate na vitunguu tu. Alifia gerezani Alicante mwaka 1942, akiwa na miaka 31. Hata Gabriela Mistral, mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata Nobel ya fasihi, mwaka 1945, kabanwa kwenye kurasa chache.

Ukinunua, chukua cha karatasi. Toleo la simu linakata mistari popote skrini inapoishia, na mizani huwezi kuihesabu tena.