RAM ya laptop Crucial GB 8 DDR4-3200: kifaa safi, maneno ndiyo yanayochanganya

Ukiulizia dukani “memori ya GB 8” unaweza kupewa fleshi, kadi ya simu au RAM, na muuzaji hajakosea. Taja namba ya kifaa: CT8G4SFRA32A. Kwa laptop ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za DDR) tunaipendekeza, ilimradi uijue lebo yake: 8GB DDR4-3200 SODIMM 1.2V CL22. SODIMM ni umbo fupi la RAM ya laptop, na 1.2V ni volti zake.

Ugomvi mkubwa uko kwenye 3200. Lebo haitaji kipimo, basi wauzaji hujaza wenyewe: “MHz 3200”. Saa ya RAM hii hupiga MHz 1600. DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo, ndipo inapatikana mihamisho milioni 3200 kwa sekunde, yaani MT/s 3200. Mnunuzi akifungua CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za prosesa na RAM, akakuta 1600 hivi, anarudi dukani akidai amepigwa. Hajapigwa. Akikuta 1200, aangalie prosesa kwanza: Core i5-8250U, kwa mfano, mwisho wake ni DDR4-2400, yaani saa ya MHz 1200, na RAM ya kasi zaidi itashushwa hadi hapo. Mwenye mashine hiyo asilipe zaidi kwa ajili ya 3200.

CL22 nayo huwatisha watu bure. Hayo ni mapigo 22 ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data iliyoombwa, si nanosekunde; kwa MHz 1600 ni nanosekunde 13.75. DDR4-2400 yenye CL17 huchukua 14.17, ingawa namba yake inaonekana ndogo.

Angalia pia herufi b. GB ni gigabaiti, Gb ni gigabiti, na baiti moja ni biti 8. Chipu ya 8Gb ina GB 1 tu, kwa hiyo RAM ya GB 8 huhitaji chipu 8 za namna hiyo, au 4 za 16Gb. Zihesabu kabla ya kulipa: ya chipu 4 mara nyingi huwa nyuma kidogo kwa kasi.

Windows ikionyesha kwamba RAM inayotumika ni GB 7 na kitu, sehemu iliyobaki kwa kawaida imechukuliwa na grafiki za ndani ya prosesa. Hilo halihusiani na SSD ya GB 256 kusomeka 238: mtengenezaji wa SSD huhesabu kwa bilioni, Windows kwa 1024, na wote wawili huandika GB. Kipimo cha GiB (gibibaiti, ya hesabu ya 1024) kilianzishwa na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, mwaka 1998 kumaliza utata huo, lakini madukani hakijafika.

Kufunga: zima mashine, chomoa chaja na waya wa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10. Linganisha pengo la RAM na kijino cha sloti, ingiza RAM kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi hadi pini za dhahabu zikaribie kupotea, halafu ilaze mpaka vishikio vyote viwili vilie. Skrini ikibaki nyeusi, ichomoe uirudishe kabla ya kulaumu duka. Mara nyingi haijazama vizuri. Ikikataa kabisa kuingia, usilazimishe: hii ina pini 260, na huenda sloti yako ni ya DDR3L yenye 204 au DDR5 yenye 262.