Banda umiza la Mwanjelwa: mtafsiri fundi, benchi adui

Kiingilio cha banda hili la video shilingi 500. Nilivutwa na mjukuu wangu Ijumaa iliyopita, nikaenda shingo upande, maana baridi ya Julai hapa Mbeya haitaki mzee atoke usiku. Isitoshe, nimefundisha fizikia miaka mingi. Filamu za watu wa Mirihi nilidhani nimeshamalizana nazo.

Kumbe sikuwa nimekutana na huyu mtafsiri. Kijana ana maiki iliyozungushiwa plasta, na hatafsiri, anatunga. Kiumbe kwenye skrini alitamka sentensi moja ya Kiingereza. Kijana akatoa tano. Kwanza "Ugonile!", salamu ya Kinyakyusa, kisha akauliza bei ya gunia la viazi Uyole, akalalamikia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Banda zima hoi.

Nilicheka mpaka machozi, halafu nikamkumbuka Schiaparelli. Huyu Mwitaliano mwaka 1877 aliitazama Mirihi kwa darubini kule Milano, akachora michirizi, akaiita canali. Kwa Kitaliano neno hilo hubeba yote mawili: mkondo uliojichimbia wenyewe na mfereji wa kuchimbwa. Kiingereza kikachukua huo wa pili. Mfereji wa Suez ulikuwa na miaka 8 tu tangu ufunguliwe, mifereji ndiyo iliyokuwa fahari ya zama zile, na mfereji hauchimbwi bila mchimbaji. Tajiri wa Marekani, Percival Lowell, akajenga kituo cha darubini Arizona mwaka 1894, akaandika kwamba wenyeji wa Mirihi wamekaukiwa, wanavuta maji kutoka kwenye barafu za nchani. Watu waliamini! Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu, kikatuma picha 21 na kipande. Mashimo matupu, mfereji hata mmoja hakuna.

Nilimsimulia kijana alipokuwa anabadilisha flashi. Akasikiliza, akatikisa kichwa: "Mwalimu, yaani wenzangu walikosea neno moja wakapata taifa zima?"

Kasoro zipo. Benchi ni ubao wa inchi sita usio na egemeo, spika ya kushoto inakoroma, na mlangoni pako wazi, upepo unaingia moja kwa moja mgongoni. Karanga zilikuwa za jana.

Lakini kipindi cha pili, sijui alifanyaje, watu wa Mirihi walikuwa wanagombea zamu ya maji mferejini kama wakulima wa mpunga wa Mbarali, na mwenyekiti wao kala rushwa. Ijumaa hii narudi. Nitabeba mto wa kukalia.