Waliniandika "mwandishi hajulikani"

Huduma hii ya kuweka makala za utafiti mtandaoni nimeitumia kwa miaka kadhaa, na kila aliyeniuliza nilimsifia. Sasa siisifu tena, au tuseme naisifu kwa shingo upande.

Miezi kadhaa iliyopita nilipakia makala yangu kuhusu Juan de Pareja, mtumwa wa mchoraji Velázquez, ambaye bwana wake alimchora mjini Roma mwaka 1650 akiwa amekukazia macho kama mtu asiyedaiwa na yeyote, kisha kabla mwaka haujaisha akamwandikia hati ya kumwacha huru, kwa sharti kwamba aendelee kumtumikia miaka 4 mingine. Sharti hilo watu hupenda kuliruka.

Fomu ina kisanduku cha taasisi. Mimi sina taasisi; utafiti naufanya usiku, nikishatoka kazini. Niliandika "mtafiti wa kujitegemea", fomu ikakataa. Nilipokiacha kitupu, ikapokea. Kesho yake nikafungua ukurasa na kukuta kichwa kipo, picha zipo, tanbihi zote zipo, ila mahali pa jina langu pameandikwa "mwandishi hajulikani".

Nililalamika. Mhudumu akanijibu kwa sentensi moja, bila salamu wala samahani, kwamba majina huonyeshwa ya watafiti waliothibitishwa tu. Nilicheka kwa hasira, kwa sababu nusu ya makala inahusu mchoro alioutengeneza Pareja mwenyewe mwaka 1661, ulioko katika makumbusho ya Prado, Madrid, unaoonyesha Mathayo akiitwa na Yesu. Pareja amejichora humo, amesimama ukingoni upande wa kushoto, mkononi ameshika kikaratasi chenye jina lake. Turubai lina upana wa zaidi ya mita 3, na katika upana wote huo alihakikisha kikaratasi hicho kinasomeka.

Nilikusudia kutoa nyota 1. Hata hivyo, ni humo humo ambamo msomaji nisiyemjua alinionyesha kosa katika tafsiri yangu ya hati ile ya uhuru, na alikuwa sahihi; makala ingebaki kabatini, kosa lingebaki nayo. Basi nyota 3.

Jana nimeangalia tena: jina bado. Nyota 2. Nilitaka kuiondoa makala, nikasita, nikaishia kuliandika jina langu ndani ya picha ya kwanza, pembeni kushoto, ambako fomu yao haifiki.