Saa nne na ndoo mbili: mwalimu aliyenifundisha kupaki ubavuni mwa barabara

Leseni niliipata mwaka jana nikiwa na miaka 44, na kwa miezi minane sikuwahi kuliingiza gari katikati ya magari mawili. Chuo nilichosoma kilitufundisha kwenda mbele, kuondoka mlimani na kurudi nyuma kati ya fimbo nne. Kupaki ubavuni mwa barabara tulioneshwa mara moja tu, tukiwa sita tumesimama nje tunatazama. Kwa hiyo nikimpeleka mama kwa daktari wa macho kule Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, nilikuwa nazipita nafasi nzuri kabisa pale barabara ya Samora, naliacha gari mbali, na mama anatembea juani na magoti yake yale. Iliniuma sana. Ndipo nikatafuta mwalimu.

Ni mwalimu wa kujitegemea, nilielekezwa na jirani. Anakufuata ulipo, mimi niko Sinza, unatumia gari lako (langu IST), shilingi 25,000 kwa saa. Nilichukua saa nne.

Vifaa vyake ni ndoo mbili za rangi za lita 20 zilizojaa mchanga, kila moja imesimikwa mpini wa fagio wenye kitambaa chekundu. Anazipanga kwenye mtaa uliotulia wenye ukingo wa zege, ziwe badala ya gari la mbele na la nyuma. Saa ya kwanza karibu yote hatukuendesha. Alinishusha, akanionesha tairi la nyuma kushoto: hili ndilo linalogusa ukingo, basi lifuate hili. Akainamisha kioo cha kushoto mpaka nikaliona tairi lenyewe na lami chini yake. Jambo dogo hilo, lakini hakuna aliyewahi kuniambia.

Kisha: simama sambamba na gari la mbele, uache upana wa mlango uliofunguliwa nusu. Bampa za nyuma zikilingana, kata kushoto yote, rudi polepole. Taa zote mbili za gari la nyuma zikionekana kwenye kioo cha kulia, nyoosha. Pembe yako ya mbele ikishaliacha gari la mbele, kata kulia yote. Mara ya tano tairi lilisugua zege, mkwaruzo ule nikausikia mpaka kwenye meno. Hakufoka. "Toka, anza upya, safari hii nyoosha mapema kidogo."

Saa ya nne tukaenda mjini, Jumapili asubuhi. Kijana mmoja akakimbilia dirishani: "Njoo, njoo, kata, kata!" Nikaanza kumfuata yeye. Mwalimu akasema taratibu, "Dada, mshukuru, lakini kioo kinakuambia nini?" Nikarudisha macho kwenye kioo. Gari likaingia.

Kasoro zipo. Alichelewa mara mbili, ya pili dakika 40 bila hata simu, na saa yangu ni ya kuomba ruhusa kazini. Halafu Jumapili si Jumatatu. Bajaji ikikupigia honi mgongoni unasahau yote, na saa ya mjini siku ya kazi niliyoiomba hakuwa nayo. Hiyo nimejifunza mwenyewe, kwa jasho.

Jumatano iliyopita nilipaki hatua chache kutoka kwa daktari. Mama akafungua mlango, akautazama ukingo, akaukanyaga bila kushikwa mkono. Mdogo wangu anaanza na mwalimu huyo huyo Jumamosi.