Mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya Dar es Salaam: inafaa, lakini si kwa kila kaya

Mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na kwa sababu hiyo pekee naiona kuwa msaada mkubwa kuliko ile ya kausha damu, yaani mikopo yenye riba kubwa mno, ambayo imewafilisi mama lishe wengi wa jiji hili. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu alilipitia andiko la mradi la kikundi chetu mstari kwa mstari, akauliza bei ya kiroba cha unga na gharama ya gesi, kisha akatutaka turekebishe hesabu ya faida kabla ya kulipokea. Ulikuwa ukaguzi wa haki. Kinachoniuma ni kwamba huduma hii, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, haimfikii bibi anayelea wajukuu yatima peke yake wala mgonjwa asiyeweza kufanya biashara, kwa kuwa mkopo sharti urejeshwe. Kaya za namna hiyo zinahitaji ruzuku, na vikundi vyetu, ambavyo vinazijua nyumba kwa nyumba, vinastahili kupewa fungu la kuzihudumia.