Uzoefu wangu: picha ya maua ya Łowicz niliyoinunua Warsaw

Nilikuwa natafuta kitu cha Kipolandi cha kutundika sebuleni, kisiwe kanisa wala ngome. Nikapata picha ya maua ya karatasi kwa mtindo wa Łowicz, mji ulio kama kilomita 80 magharibi ya Warsaw. Zloti 240 (pesa ya Poland) pamoja na fremu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Uliyewahi kuwaona wanawake wa Łowicz kwenye maandamano ya sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, utaijua picha hii hata ukiiona kwa mbali. Siku hiyo huvaa sketi nzito za sufu zenye mistari ya machungwa, kijani na zambarau, zikiwa zimeungana na kizibao cha mahameli nyeusi kilichojaa mawaridi ya kudarizi. Fundi ameyahamisha hayo yote kwenye karatasi: chini kabisa mistari ya sketi, juu yake shada, na nyuma weusi wa mahameli. Weusi huo ndio unaobeba kazi. Nimeona picha kama hizi zenye mandhari meupe, na maua yaleyale yanapooza.

Kilichonifanya nitoe pesa ni matabaka. Kila waridi limejengwa kwa vipande vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, kikubwa chini, kidogo juu, rangi ikibadilika kidogo kidogo hadi katikati. Zamani wanakijiji walivikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo, wakapamba navyo kuta za nyumba zao. Watu wa Kurpie, eneo la kaskazini-mashariki mwa Poland, nao hukata karatasi, ila wao hukunja karatasi moja ya rangi moja na kuikata pande zote zilingane. Maduka mengi huzichanganya hizi mbili na kuziita tu “sanaa ya Kipolandi”. (Mimi ni wa Arusha, na pale Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliofika kuanzia 1942, kwa hiyo mambo yao hunivuta kuliko kawaida.)

Sasa ile nyota iliyokatwa. Duka liliweka kioo moja kwa moja juu ya karatasi, petali zikalala. Unanunua maua yaliyoinuka halafu unapewa yaliyopigwa pasi! Nilipolalamika, muuzaji alisema ndivyo wanavyofunga zote. Ikabidi nimpelekee fundi wa fremu wa mtaani, akaweka vipande vya kadibodi pembeni ili kioo kikae mbali kidogo, na kazi ikaonekana tena. Kama unanunua, omba bila fremu.

Angalia pia usiuziwe iliyochapishwa. Kwenye simu hutaona tofauti, maana hata kivuli cha petali hutoka kwenye mashine. Muombe muuzaji picha iliyopigwa kwa pembeni, karibu na dirisha: ya mkono itaonyesha kingo zilizosimama. Ya kuchapishwa si mbaya kwa kikombe au begi la sokoni, lakini usiilipie bei ya mkasi na gundi.

Usiitundike panapopigwa na jua, rangi za karatasi hupauka. Na kama 240 ni nyingi, yapo maduara madogo ya mtindo huohuo kwa bei ya chini sana, nayo huingia kwenye bahasha bila kukunjwa.