Uzoefu wangu: kupanda mnara uliojisokota wa Chesterfield

Nimeupita mnara huu mara nyingi nikiwa ndani ya treni itokayo London kwenda Sheffield, na kila mara nimeushangaa, kwa kuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa maji. Mwezi uliopita nilishuka Chesterfield, mkoani Derbyshire, nikalipia ziara ya mnara wa Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote.

Ngazi ni za mawe, nyembamba na za kuzunguka, hivyo mwenye magoti mabovu atafakari kwanza. Nilipofika juu ya kengele, pale mnara wa mbao unapoanzia, sikuijutia pesa yangu hata kidogo.

Kanisa hili la parokia kwa sehemu kubwa ni la karne ya 14, na mnara wake mchongoka, wenye kimo cha mita 70 hivi kutoka ardhini, ulijengwa yapata mwaka 1362, miaka michache baada ya tauni iliyoua watu wengi mno Uingereza, mafundi wakiwemo. Mwongozaji alitueleza kwamba huenda waliobaki hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa kuikaza mihimili. Mialoni ilitumiwa ikiwa mbichi, jambo la kawaida zama zile kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu kuchonga, kisha ikabebeshwa zaidi ya tani 30 za risasi, yaani ile metali nzito iliyofunika mnara. Kwa maoni yangu risasi ndiyo yenye lawama kubwa, kwani upande wa kusini hupigwa jua na kutanuka kuliko wa kaskazini, na mbao zilizokuwa bado zinakauka zikafuata mkondo huo. Niligusa mhimili mmoja, na kidole changu cha shahada kikazama ndani ya ufa wake. Nilimkumbuka marehemu babu yangu, seremala, aliyeanika mbao chini ya mwembe kwa miezi kabla ya kuzipiga randa.

Hadithi ya shetani aliyeupinda mnara ilisimuliwa kwa kifupi, nami nilishukuru, maana hadithi ya moto wa tarehe 22 Desemba 1961 ina uzito zaidi: kinanda kilichotengenezwa na John Snetzler mwaka 1756 kiliteketea, lakini mnara ukaokolewa.

Leo ncha yake imehama karibu mita 3 kutoka mahali ilipostahili kuwa. Mnara haukufungwa kwenye jengo la mawe. Umeshikiliwa mahali pake na uzito wake wenyewe. Tuliposhuka, wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi chini yake.